Chungu 5,000 wa Naivasha, na Ile Meseji Nilikaa Nayo Siku Mbili

Wasee, hii posti ni ndefu. Kama uko kwa mathree na jam ya Jogoo Road imeshika, basi muda uko nao.

Mwaka jana, wiki kadhaa baada ya ile kesi ya chungu kuisha, niliweka video ya dakika moja nikielezea vile malkia wa chungu huanzisha familia yake peke yake, bila msaada wa mtu. Ilitazamwa kuliko kila kitu nilichokuwa nimeweka mwezi huo. Usiku wa pili nikapata meseji kwa inboksi. Akaunti haina picha, haina posti. Jamaa alikuwa anataka malkia, wale wakubwa wekundu wa Kenya. Alisema atalipa dola 10 kwa kila mmoja, na hata nikimpatia 100 atachukua wote.

Piga hesabu. Dola 1,000 ni kama shilingi 129,000. Hiyo ni zaidi ya mwaka mzima wa kodi ya keja yangu.

Sitawadanganya ati nilipandwa na uzalendo nikamblock palepale. Nilikaa na hiyo meseji siku mbili. Niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, na mwenye nyumba ananitambua kwa sauti ya viatu tu. Na shida yenyewe ni kwamba nilijua pa kuwatoa. Shosho yangu anaishi upande wa Gilgil, na nyuma ya boma lake, kwa ile nyasi fupi, kuna mashimo ya hao chungu nimeyajua tangu nikiwa na miaka sita. Najua hata wakati wanatoka: siku ya jua baada ya mvua kubwa ya kwanza.

Hizo siku mbili nilizitumia kusoma. Nilianza nikitafuta kujua tu kama nitashikwa. Nilimaliza nikiwa na maswali mengine kabisa, na ndiyo nataka tuongee.

Kesi yenyewe

Kwa wale hamkufuatilia: tarehe 5 Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji, wa miaka 19, walishikwa kwenye nyumba ya wageni Naivasha. Walikuwa na chungu kama 5,000, na kilichowavutia kwa hao chungu ni malkia. Walikuwa wamewapanga ndani ya mirija 2,244 ya maabara, kila mmoja na pamba yake. Kwenye kesi nyingine iliyoenda sambamba na hiyo, raia wa Vietnam na Mkenya mmoja walipatikana na chungu wengine kama 400 hapa Nairobi. Wote wanne walikubali makosa. Tarehe 7 Mei, kwenye mahakama ya Kahawa, hakimu Njeri Thuku aliwapiga faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, ama kifungo cha miezi 12.

Utetezi wa wale Wabelgiji ulikuwa kwamba hii kwao ni hobi, wanapenda chungu, na hawakujua ni makosa. Hakimu hakununua hiyo stori. Kwenye uamuzi wake aliwaambia watu wafikirie kutolewa kwao kwa nguvu na kufungiwa kwenye chombo pamoja na wengi wengine, halafu akalinganisha hali hiyo na biashara ya watumwa.

Mtaani kwetu kesi ilipokelewa na kicheko. Kwa kinyozi watu walikuwa wanauliza kama mtu akikanyaga siafu barabarani atashtakiwa Kahawa. Mimi pia nilicheka. Lakini angalia bei. Huko Ulaya, malkia mmoja wa hii aina amekuwa akiuzwa zaidi ya pauni 100. Zidisha na 5,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 80. Faini ilikuwa milioni moja. Kicheko kikanikauka.

Kwa nini malkia, na si chungu wa kawaida

Kwanza tunyooshe majina, kwa sababu sisi tunaita kila kitu siafu. Siafu wa kweli ni wale wanaotembea kwa msafara na kuuma kama wamelipwa. Mchwa ni wale wanaojenga vichuguu na kula mbao, na kiukoo hao wako karibu na mende kuliko chungu. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa. Kama umelelewa mtaani unawakumbuka: mvua ikiisha usiku wanajaa chini ya mulika mwizi, na sisi tunawafukuza na beseni la maji. Mathe wa jirani, mtu wa Kakamega, alikuwa anawakaanga na chumvi kidogo, na ghafla watoto wote wa ploti wanakuwa wanawe.

Hawa wa Naivasha ni chungu wavunaji. Jina lao la kisayansi ni Messor cephalotes. Wanakula mbegu za nyasi. Wanazikusanya, wanazibeba foleni hadi shimoni, wanazihifadhi kwa maghala chini ya ardhi, halafu wanazitafuna kuwa kitu kama unga uliokandwa. Kazi yote hiyo inafanywa na vibarua, na vibarua wote ni wa kike. Wakati wa mvua tu ndipo koloni inatoa madume na malkia wachanga wenye mabawa. Wanapaa, wanapandana, madume wanakufa. Malkia anatua, anavunja mabawa yake mwenyewe, anachimba shimo na kujifungia humo.

Hapo ndipo kuna maajabu. Malkia wa aina hii hali kitu. Mwili wake unayeyusha ile misuli ya mabawa ambayo hatahitaji tena, na hiyo ndiyo inakuwa chakula cha watoto wake wa kwanza. Wale wa kwanza wanazaliwa wadogo sana, wembamba, kwa sababu wamelelewa na njaa. Lakini wanatoka nje, wanaleta mbegu, na maisha yanaanza. Alipandana siku moja tu, na zile mbegu za kiume anazihifadhi mwilini akizitumia maisha yake yote. Na hayo maisha si mafupi. Malkia mmoja wa aina ndogo ya Ulaya alifugwa akaishi karibu miaka 29. Amenizidi umri.

Kwa hivyo ukichukua vibarua 5,000 kwenye shimo, shimo litaumia lakini litapona. Ukichukua malkia 5,000 siku waliyotoka kupaa, umebeba koloni 5,000 ambazo hazijaanza. Si wote wangefaulu, wengi huliwa na ndege kabla jioni. Lakini hao waliobebwa hata nafasi ya kujaribu hawakupata.

Na ndiyo maana ule mrija unatosha. Unaweka maji nyuma, unaziba na pamba, unamweka malkia mbele, unaziba tena, unamficha gizani. Hahitaji kulishwa. Mwili wake umejiandaa kukaa peke yake gerezani. KWS walisema ile mirija ilikuwa imetengenezwa kuwaweka hai kwa hadi miezi miwili. Kile kinachomfanya awe mama shujaa kule porini ndicho kinachomfanya awe mzigo rahisi wa kusafirisha.

Hobi ilianzia wapi

Kufuga chungu si kitu cha juzi. Karne ya 19 kulikuwa na Mwingereza anaitwa John Lubbock, tajiri wa benki, mbunge, na jirani ya Charles Darwin. Ndiye alipitisha sheria ya 1871 iliyowapa Waingereza sikukuu za benki, kwa hivyo kuna watu walimpenda bila kujua lolote kuhusu wadudu. Nyumbani alikuwa anaweka chungu katikati ya vioo viwili na udongo mwembamba, apate kuona ndani. Mwaka wa 1882 alichapisha kitabu kuhusu chungu, nyuki na nyigu. Malkia wake mmoja aliishi naye karibu miaka 15. Alikuwa anawapaka alama za rangi mgongoni ili amjue kila mmoja. Sina ugomvi na huyu mzee. Alitumia chungu wa kwao, akakaa nao, akaandika alichoona.

Mwaka wa 1956, huko Marekani, Milton Levine akaifanya biashara. Aliuza sanduku la plastiki la kuona chungu, likanunuliwa kwa mamilioni. Lakini ndani yake hakukuwa na malkia, vibarua tu, kwa sababu Marekani ina sheria kali za kusafirisha malkia kutoka jimbo moja hadi lingine. Watoto walikuwa wanaangalia vibarua wanachimba miezi michache, halafu wanakufa wote, halafu unaagiza wengine.

Hiyo sehemu ilinikalisha kidogo, juu mimi ni mtoto wa Eastlands. Serikali ya kikoloni ilipopanga huku kwetu, nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa za wanaume waseja. Kitanda cha mfanyakazi, choo cha pamoja, kipande shingoni. Bibi na watoto walitakiwa wabaki rizavu. Jiji lilitaka vibarua, halikutaka familia. Mkono ukichoka, unarudishwa ushago na mwingine analetwa. Wazee wetu ndio walivunja huo mpango polepole, wakaingiza mama na watoto kwa chumba kimoja hadi mtaa ukawa mtaa. Ndiyo maana mimi niko hapa nawaandikia.

Sasa hao watu wa hobi waliona vibarua peke yao ni sinema fupi. Wakataka malkia. Halafu malkia wa kwao wakawa wa kawaida, wakataka wa mbali, wakubwa zaidi, wenye rangi. Intaneti ikawaunganisha wauzaji na wanunuzi. Mtu akiwa chumbani kwake huko Ulaya akaweza kuagiza koloni ya Afrika. Na ndiyo, wanaita koloni. Hakuna aliyetuuliza kama hilo neno linatuwasha.

Naivasha ya 1909

Hapa ndipo niliacha kutafuta njia ya kuuza nikaanza kuona mtindo.

Aprili 1909, Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mtoto wake Kermit. Alikuja kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Alipanda treni hadi bara, na Naivasha pia alifika, akawinda viboko kwenye lile ziwa. Safari yake ilipoisha 1910, msafara ulikuwa umekusanya wanyama kama 11,400, kuanzia wadudu hadi ndovu. Yeye na mwanawe peke yao walipiga risasi 512. Hakuna aliyewatafutia makosa. Alikuwa na leseni ya serikali ya kikoloni na wapagazi wa kumbebea mizigo.

Lakini hizo sheria za wanyama za miaka hiyo zilikuwa na upande wa pili. Mwafrika aliyeweka mtego wa kamba akamatie watoto mboga, kama babu yake alivyofanya, akawa jangili. Mzungu mwenye bunduki na karatasi ni mwindaji. Wewe mwenye uta na mshale ni mwizi, kwa ardhi uliyozaliwa.

Baada ya uhuru tuliendelea na sheria, na mwaka wa 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Mwaka wa 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu. Mwaka wa 2016 zikachomwa tani 105 pale Mbuga ya Nairobi, dunia nzima ikaona moshi. Tulijifunza kulinda vitu vikubwa. Ndovu ana jina, ana mlinzi, ana kamera. Mtu akiguswa na stori ya kifaru analia.

Vitu vidogo tukaviacha wazi.

Jinzi ya Gikomba

Mfano ambao ulinimaliza ni huu. Karibu kila mtu anayesoma hapa amewahi kununua jinzi iliyopauka pale Gikomba. Unainua juu, unaangalia kama magoti yako sawa, unabishana hadi soo mbili.

Zamani ule mpauko ulikuwa unapatikana kwa kufua jinzi na mawe. Baadaye viwanda viligundua kwamba kuna vimeng'enya, yaani zile protini za kuharakisha kazi, ambavyo hutafuna uzi kidogo kidogo na kuupausha bila mawe. Mwaka wa 1992, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walikusanya vijidudu kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria ikiwa moja yao. Vijidudu hivyo vinaishi kwenye maji makali ambayo yangechuna ngozi yako, kwa hivyo vimeng'enya vyake havitishwi na sabuni wala joto. Kampuni ya Marekani, Genencor, ikatengeneza bidhaa za viwandani kutokana na vijidudu vya maziwa hayo: za kupausha jinzi na za sabuni ya kufulia.

Mwaka wa 2004 KWS walijitokeza kudai fungu la Kenya, wakisema vijidudu vilichukuliwa bila idhini yao. Mabishano yakawa marefu. Mwaka wa 2007 KWS wakatia sahihi mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark: wao watafiti vijidudu vya mbuga zetu, na Kenya ipate mgao wa mauzo pamoja na mafunzo kwa watafiti wake. Sheria ya wanyamapori ya 2013 nayo haikurudia kosa la zamani. Tafsiri yake ya wanyamapori inabeba wanyama, mimea, hadi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana chungu wakaweza kufikishwa mahakamani.

Lakini fikiria ule mzunguko. Kijidudu kinatoka Bogoria. Kinapata bei Marekani. Jinzi inavaliwa na mtu huko hadi inachoka. Inafungwa bandali inakuja Gikomba. Mimi nainunua mtumba, nalipa, na nashukuru imepauka vizuri. Sisemi jinzi yako lazima ilipitia hiyo njia. Nasema kwamba kama ilipitia, hungejua, na hakuna mtu hapa angekuambia.

Chungu ana faida gani kwani?

Kuna wasee wataniambia: sawa, lakini chungu ni chungu. Wako mabilioni. Waache Wazungu wachukue, watu wana njaa.

Hili swali lilijibiwa na Mkenya. Januari 2024, jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Douglas Kamaru, kijana aliyekuwa anasomea uzamifu Chuo Kikuu cha Wyoming. Kazi ilifanyika Ol Pejeta, Laikipia. Kule kuna migunga yenye miiba iliyovimba, na ndani ya hiyo miiba wanaishi chungu wa asili. Ndovu akija kula mti, chungu wanamuingia puani. Ndovu ni mkubwa lakini pua yake ni laini, anaenda zake. Halafu akaja chungu mgeni mwenye kichwa kikubwa, aliyeenezwa na shughuli za binadamu. Anaua wale walinzi wa mti, na yeye mwenyewe hafanyi kazi ya ulinzi. Ndovu wakaanza kuvunja migunga. Miti ikiisha, simba hana pa kujificha. Pundamilia anamwona kutoka mbali na kukimbia.

Mwaka wa 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba kule. Kufikia 2020 walikuwa 42. Nyati, ambao walikuwa sufuri, wakawa asilimia 42. Na nyati si mnyama simba anamchagua kwa raha, huyo anaweza kumuua. Simba amebadilishiwa menyu na mdudu anayeingia kwenye kitundu cha sindano.

Hiyo stori inakata pande mbili. Ukitoa chungu mahali pake, kuna kitu kitalegea ambacho hujakiona bado. Hawa wavunaji wetu wanasambaza mbegu za nyasi, na nyasi ndiyo ng'ombe wa Gilgil anakula. Na ukimpeleka chungu mahali si pake, mrija ukivunjika, huwezi mrudisha. Marekani wanajua. Chungu wa moto kutoka Amerika Kusini waliingia kwa bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930, na hadi leo wanapigana nao.

Sasa sisi je?

Nimesoma maoni mengi kuhusu ile kesi na yako pande mbili. Kuna wa "fungeni hao wezi" na kuna wa "serikali inanyanyasa watoto kwa sababu ya wadudu." Mimi nadhani hukumu ilikuwa sawa. Lakini nadhani pia haitoshi, na sababu ni mimi mwenyewe. Mimi ndiye mtu ambaye hiyo biashara inamtafuta.

Hakuna mgeni anayetua JKIA akajua shimo liko wapi. Lazima kuwe na msee wa hapa: anajua siku ya mvua, anajua boma la nani, anaweza kuinama masaa sita kwa jua. Analipwa pesa kidogo za siku moja, na hata hizo anaziona nyingi kwa sababu hajawahi kuambiwa bei ya mwisho. Ikiharibika, anasimama kizimbani na faini ileile ya milioni moja kama mwenye soko. Dola 10 nilizoambiwa mimi, kwa kitu kinachouzwa zaidi ya pauni 100. Na nilikuwa nakaribia kusema asante.

Kumwambia huyo msee "penda nchi yako" ni rahisi. Mimi naona kinachomkinga ni kujua. Kama ningejua haya yote nikiwa na miaka 15, ningejua kwamba kile nilikuwa nacho nyuma ya boma la shosho ni utafiti, ni video, ni safari za watalii wa wadudu, ni biashara ambayo inaweza kufanywa kwa kibali na mgao. Novozymes walilazimika kuketi mezani kwa sababu kuna watu KWS walijua kijidudu ni mali. Kwa chungu, hiyo meza haijawekwa. Shule nilizopita, mdudu alikuwa mchoro wa kichwa, kifua na tumbo, unachora, unapata alama, unasahau. Hakuna siku hata moja tulitoka nje kuangalia shimo, na shimo lilikuwa karibu na choo.

Ningependa siku moja kijana wa Dandora afuge koloni kwa kibali, aiandike, na jina lake liwe kwenye karatasi ya utafiti kama la Kamaru. Si ati afuge ili auze malkia. Afuge ili tusiwe tunasubiri mtu wa Ulaya atuambie tuna nini.

Siku ya tatu nilijibu ile meseji. Niliandika "siuzi," nikaongeza kwamba nikiona anatafuta mwingine nitaripoti. Hakujibu. Kesho yake akaunti haikuwepo. Sijui alimpata nani baada yangu, na hilo bado linanikera. Kodi ya mwezi huo nililipa nusu, na mwenye nyumba aliongea maneno ambayo siwezi kuandika hapa.

Halafu nikapiga simu Gilgil. Nilimuuliza shosho wale chungu wa nyuma ya boma wanaitwaje. Akanyamaza kidogo, akauliza kama niko sawa, kama nimekula. Nikamwambia niko sawa shosho, nataka tu jina. Akasema, "Si ni wale wa kuvuna? Sisi tulikuwa tunawaita tu wavunaji." Akaongeza kwamba mwaka wa njaa, akiwa msichana, walikuwa wanawaangalia wakibeba mbegu na kujua nyasi iko upande gani.

Messor ni Kilatini. Maana yake ni mvunaji. Shosho hajawahi kuingia darasa la sayansi.

Mvua ikianza naenda huko na simu yangu na paketi mbili za unga, nitawarekodi wakipaa. Sitasema ni wapi hasa, na mtanielewa. Lakini nataka kitu kutoka kwenu. Piga simu kwenu leo, kwa mathe, kwa kuka, kwa shosho, kwa yeyote mzee. Muulize chungu wa kwenu wanaitwaje, aina zote anazokumbuka, na kila aina inafanya nini. Niandikie hapo chini, pamoja na jina la kijiji. Nitaziweka zote pamoja, na kila jina litakuwa na mwenyewe.

Na kama kuna mtu amekuandikia kwa inboksi akitafuta malkia, mwambie hatuuzi.